Jambazi au Mtuhumiwa? Maswali ya Wakazi wa Kinondoni na Temeke

Je, hapa kwetu rangi ya mtu inaangaliwa polisi na mahakamani?

Enzi za Mwingereza iliangaliwa waziwazi. Mahakama za wenyeji zilikuwa za Mwafrika. Mzungu hakupelekwa huko. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ndiyo iliyoleta mfumo mmoja, na ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Wakati Wamarekani wangali wakibishana juu ya rangi, Dar es Salaam mtu huangaliwa anakaa wapi na ana umri gani. Kijana wa Tandale au Mbagala huitwa Panya Road, yaani genge la vijana waporaji, hata kabla hajashuka kwenye karandinga.

Kuitwa jambazi tu kuna madhara gani?

Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi wa Manzese walikamatwa Sinza, wakauawa msitu wa Pande. Polisi walisema ni majambazi waliokufa katika mapambano. Tume ya Jaji Kipenka ilipochunguza, ikakuta hawakuwa majambazi. Maofisa wa polisi wakashtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru, akiwemo Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja tu, Christopher Bageni; Zombe akabaki huru. Wale wanne hawakupata hata siku moja ya kusimama kizimbani na kujitetea.

Kwa nini mmoja anadhaminiwa na mwingine anapelekwa mahabusu gereza la Segerea?

Soma hati ya mashtaka. Ikiandikwa "unyang'anyi", dhamana inaweza kuombwa. Yakiongezwa maneno "wa kutumia silaha", mlango umefungwa, na ukitiwa hatiani kifungo hakipungui miaka 30. Silaha si lazima iwe bunduki. Panga au kisu vinatosha. Mei 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilisema kuzuia dhamana namna hiyo kunapingana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Kwa hiyo anayeandika shtaka ndiye anayeamua mtu alale wapi kwa miezi, pengine miaka, na kwa maoni yangu hayo ni madaraka makubwa mno kuachiwa kalamu ya mwendesha mashtaka.

Kosa likiwa la dhamana, mdhamini aje na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Anayekaa chumba cha kupanga, kila mwaka mtaa mwingine, hapo ndipo hukwama.

Shahidi anasema alimtambua usiku. Inatosha?

Haitoshi kwa kusema tu. Tangu kesi ya Waziri Amani ya 1980, mahakama huuliza: mwanga ulitoka wapi, ulikuwa mkali kiasi gani, walisimama umbali gani, kwa muda gani, walifahamiana kabla? Mshtakiwa asiye na wakili naye anaruhusiwa kuyauliza maswali hayohayo, tena ayaulize.

Na aliyekamatwa akiwa chini ya miaka 18?

Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka atengwe na mahabusu watu wazima, na kesi yake isikilizwe katika mahakama ya watoto. Tatizo, msakoni wote huhesabiwa vijana tu. Mzazi apeleke kituoni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki siku ileile, kabla umri haujaandikwa kwa kukisia.