SOMO LA AFYA: KUUCHUNGUZA MOYO WA KIJANA BAADA YA KIHARUSI

Mkaguzi afikaye chamani siku moja, akahesabu fedha za kasha na kuzikuta zimetimia, hawezi kuapa kwamba zilitimia mwaka mzima. Ndivyo kilivyo kipimo cha umeme wa moyo afanyiwacho mtu aliyepatwa na kiharusi: huonyesha mapigo ya muda ule tu.

Nalo jambo linalotafutwa huja na kwenda. Vyumba vya juu vya moyo vinapoacha mpigo wake wa kawaida na kutetemeka ovyo, damu hutuama humo, ikaganda. Donge likichukuliwa hadi ubongoni, huziba mshipa. Mgonjwa huenda asihisi lolote. Kwa sababu hiyo madaktari hutumia kifaa kidogo kinachotiwa chini ya ngozi ya kifua, ambacho hufuatilia mapigo usiku na mchana kwa miaka. Utafiti uliotangazwa mwaka 2014, uliofanywa Ulaya, Kanada na Marekani kwa wagonjwa 441 ambao chanzo cha kiharusi chao hakikujulikana, ulionyesha faida yake. Baada ya miezi 12, hitilafu hiyo iligunduliwa kwa asilimia 12.4 ya wenye kifaa, na asilimia 2.0 tu ya waliochunguzwa kwa njia za kawaida.

Lakini hesabu hizo zisomwe kwa uangalifu. Wote walikuwa na umri wa miaka 40 au zaidi, na wastani wao ulipita 60. Kwa kijana wa miaka 30 hitilafu hiyo ni nadra. Basi kabla jamaa zake hawajaomba mkopo wa kulipia kifaa hicho, ambacho ni ghali, yafaa wamwulize daktari kama mishipa ya shingo imepimwa, maana huweza kuchanika kwa ndani. Kama vali za moyo hazikuharibiwa na homa ya baridi yabisi. Kama kuna kitundu kati ya vyumba vya juu, ambacho hubaki wazi kwa takriban mtu mmoja katika kila wanne. Shinikizo la damu, sukari na selimundu pia visisahauliwe.

Wako wanaodhani kwamba, hata hitilafu isipoonekana, ni heri mgonjwa apewe dawa kali za kuzuia damu isigande. Tafiti mbili kubwa, za mwaka 2018 na 2019, zilijaribu hilo: dawa hizo hazikuishinda aspirini katika kuzuia kiharusi cha pili, na ule wa kwanza ulisimamishwa mapema, kwani kutokwa damu kuliongezeka.

Aliyewekewa kifaa asiache dawa alizoandikiwa. Kifaa huandika mapigo tu; hakizuii donge.