Vumbi Libakilo Baada ya Vita

Watu hudhani vita vimekwisha siku ile mizinga inyamazapo. Lakini ziko silaha ziachazo kazi nyuma yake, na mojawapo ni risasi za urani iliyopunguzwa nguvu.

Urani hii ni nini? Ni mabaki ya urani iliyokwisha kutolewa sehemu kubwa ya ile ifaayo kwa nguvu za nyuklia. Mionzi yake ni pungufu kwa 40 katika 100 kuliko urani ya asili, lakini ni nzito sana. Kwa hiyo hutoboa chuma cha vifaru. Na ikigonga huwaka moto, ikaacha vumbi laini.

Hapa yafaa tutenge hofu na ukweli. Ikiwa nje ya mwili, hatari yake ni ndogo. Vumbi likivutwa mapafuni, au likimezwa, ni jambo jingine: urani ni sumu kama metali nyingine nzito, na figo ndizo ziumiazo kwanza.

Tutazame Kosovo, ambako ndege za Marekani zilitumia risasi hizo mwaka 1999. Novemba 2000 wataalamu wa mazingira wa Umoja wa Mataifa walipima mahali 11. Hawakuona uchafu ulioenea kote. Hata hivyo walishauri mahali hapo patiwe alama na maji yachunguzwe. Na huko Bosnia, mwaka 2002, miaka 7 hivi baada ya mapigano, waliikuta urani hiyo katika maji ya kunywa ya mahali pamoja, ingawa kwa kiasi kidogo mno.

Wengine husema: madhara makubwa hayajathibitishwa, basi hapana deni. Sivyo. Mtoto aokotaye vyuma chakavu hawezi kujikinga na asichokijua. Ajuaye ndiye apasaye kusema. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliwataka waliozitumia silaha hizi wazijulishe nchi zilizopigwa, zikiuliza, ni wapi na kwa kiasi gani. Nchi 148 zilikubali. Zilizokataa ni 4: Marekani, Uingereza, Ufaransa na Israeli.

Mwindaji aliyechimba shimo la mtego karibu na njia huwaonya wapitao. Je, mataifa makubwa yadaiwe pungufu kuliko mwindaji?