Kiti, Somo na Kibandiko: Uhamishaji wa Majina kutoka Masasi na Newala hadi Viwanda vya Magari

Ikisiri

Makala hii inachunguza mazoea ya viwanda vya magari ya kuyapa magari mapya majina ya magari mashuhuri ya zamani. Suala hilo linatazamwa kwa mizani ya desturi za majina za eneo la Chidya, Masasi na Newala, ambako jina moja huweza kushikwa na watu kadhaa kwa kupokezana. Inadaiwa kwamba kufanana kwa kitu cha zamani na kipya hakutoshi kuhalalisha jina. Yanayolihalalisha ni mambo mawili: wajibu unaoambatana nalo, na ushahidi wa jamii inayolitumia.

1.0 Utangulizi

Majina ya magari huishi muda mrefu kuliko magari yenyewe. Gari huchakaa na kuuzwa kama chuma chakavu, lakini jina lake hubaki katika kumbukumbu za watu na katika daftari la alama za biashara. Ndiyo maana viwanda vingi, hasa vya Marekani, vimerudi kuyachukua majina ya magari yaliyotamba katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hayo ni magari ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli, yaani magari ya kawaida kwa umbo yaliyotiwa injini kubwa ya silinda nane.

Sababu za kibiashara zinaeleweka. Kulifundisha soko jina jipya ni kazi ya gharama. Aidha, sheria ya alama za biashara ya Marekani huchukulia kwamba jina lisilotumika kwa miaka mitatu mfululizo limetelekezwa, isipokuwa mwenye jina athibitishe vinginevyo. Swali la kiisimu, hata hivyo, halijibiwi na sababu hizo. Jina linapohamishwa kutoka kitu kimoja hadi kingine, ni nini kinachohama pamoja nalo?

2.0 Misingi ya Nadharia

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alishikilia kwamba jina la pekee huonyesha tu kitu bila kueleza sifa zake. Kwa mtazamo huo, jina ni kama alama ya chaki mlangoni. Saul Kripke, katika mihadhara yake ya mwaka 1970, alieleza kwamba jina hushikamana na kirejelewa chake kwa mnyororo wa watumiaji: aliyepo leo amelipokea kutoka kwa waliomtangulia, hadi kuwafikia wale waliokuwapo siku kitu kilipopewa jina.

Nadharia zote mbili zinasaidia, lakini hazikidhi haja yetu. Mill hawezi kueleza kwa nini mtu akasirike jina likihamishwa, kwani alama ya chaki haimkasirishi mtu. Kripke naye anashughulikia zaidi mnyororo unaorudi kwa kirejelewa kilekile, ilhali hapa kirejelewa cha kwanza kimetoweka na jina limeendelea.

Kiswahili kinatupa njia ya kuainisha uhamishaji huo. Aina ya kwanza ni jina la kiti, ambapo mrithi hupokea jina pamoja na cheo na wajibu wa mtangulizi. Aina ya pili ni jina la somo. Masomo ni watu wawili wenye jina moja. Wanaunganishwa na kumbukumbu na mapenzi, lakini hakuna anayedaiwa kazi ya mwenzake. Aina ya tatu inaweza kuitwa jina la kibandiko: jina hubandikwa juu ya kitu kisichohusiana na cha kwanza ili kufaidi sifa zake.

3.0 Jina la Kiti: Ushahidi wa Masasi na Newala

Chidya, iliyoko wilayani Masasi, inajulikana zaidi kwa shule yake iliyoanzishwa na misheni ya UMCA. Misheni hiyo iliingia Masasi mwaka 1876 ikiongozwa na Askofu Edward Steere, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamfahamu kwa kazi zake za sarufi na tafsiri. Masasi iliposhambuliwa na Wangoni mwaka 1882, wamisionari walihamia Newala chini ya hifadhi ya Matola, mtawala wa Kiyao. Matola huyo alifariki mwaka 1895. Hata hivyo, mtafiti Mjerumani Karl Weule alipofika eneo hilo mwaka 1906, alipokewa Chingulungulu na Matola.

Msomaji asiyejua desturi ataona kosa katika nyaraka. Kosa halipo. Matola ni jina la kiti, na anayekikalia kiti huitwa kwa jina hilo. Ndivyo lilivyokuwa pia jina la Mataka miongoni mwa Wayao wa ng'ambo ya Ruvuma. Kwa kuwa Wayao, kama Wamakonde na Wamakua, hufuata ukoo wa upande wa mama, mrithi wa kiti kwa kawaida hutafutwa upande huo, na mara nyingi huwa mpwa wa marehemu. Hatakiwi kufanana naye kwa sura wala kwa kimo. Anatakiwa kusikiliza mashauri, kupokea wageni na kuwatunza watu aliowaacha marehemu. Tena hajiiti mwenyewe. Hutawazwa mbele ya watu, na watu hao ndio mashahidi wa jina.

Desturi ya jando inaonyesha upande wa pili wa kanuni hiyohiyo. Kijana wa Kiyao akitoka jandoni huliacha jina la utotoni na kuchukua jipya, na kumwita kwa lile la zamani huhesabiwa kuwa ni kumvunjia heshima. Mwili ni uleule, lakini wajibu umebadilika, kwa hiyo jina nalo limebadilika. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, alitambua uzito wa taasisi hii. Badala ya kuipiga marufuku, aliongoza juhudi za kuipatanisha na ibada za Kikristo. Hivyo kijana Mkristo aliweza kuwa na jina la utotoni, la jandoni na la ubatizo, kila moja likiwa na mashahidi wake.

Kutokana na ushahidi huo tunapata kanuni mbili. Kwanza, jina hufuata wajibu, si sura. Pili, jina huthibitishwa na wanaoita, si na anayeitwa peke yake.

4.0 Majina ya Magari ya Marekani katika Mizani Hiyo

Jina Challenger la kampuni ya Dodge linaonyesha aina mbili za uhamishaji kwa wakati mmoja. Gari la kwanza lilitengenezwa kuanzia toleo la mwaka 1970 hadi 1974. Mwaka 1978 jina hilo lilitiwa kwenye gari dogo la silinda nne lililotengenezwa Japani na Mitsubishi. Hicho kilikuwa kibandiko: wajibu wa jina, yaani nguvu, haukuhamishwa. Mwaka 2008 jina lilirudi kwenye gari la milango miwili lililoweza kupata injini kubwa ya silinda nane, na watumiaji walilitambua kuwa mrithi wa kiti.

Mfano wa GTO una utata zaidi. Pontiac ililichukua jina hilo mwaka 1964 kutoka kwa Ferrari, iliyokuwa imelitumia mwaka 1962 kwa gari lililoidhinishwa kwa mashindano. Kwa hiyo GTO ya Marekani ilianza kama kibandiko. Hata hivyo, gari hilo lilitenda kazi hata likastahili jina. Kibandiko kikageuka kiti. Jina lilikoma mwaka 1974, likarejeshwa mwaka 2004 juu ya gari lililotengenezwa Australia na Holden. Gari hilo lilikuwa na nguvu ya kutosha, yaani lilitimiza wajibu, lakini wengi hawakuona ndani yake GTO waliyoijua. Mwaka 2006 likasimamishwa. Kanuni ya kwanza ilitimizwa, ya pili ikakosekana.

Kwa upande wa Mustang, kiti hakijawahi kuwa wazi tangu mwaka 1964. Ndiyo maana Mustang Mach-E, gari la umeme la milango minne lililozinduliwa na Ford mwaka 2019, lilizua ubishi mkali: jina lilitolewa kwa mwingine ilhali mwenye kiti yu hai. Kwa mizani yetu, Mach-E ni somo wa Mustang, si mrithi wake. Kama lingetambulishwa hivyo, huenda ubishi ungepungua. Nalo Charger Daytona la umeme la mwaka 2024 limewekewa chombo cha kutoa mngurumo wa bandia. Hapo mrithi anaiga sauti ya marehemu. Bado itaonekana kama kuiga sauti kutahesabiwa kuwa ni kutimiza wajibu.

5.0 "Difenda": Jina Linaporithiwa na Wasemaji

Mifano ya Marekani inahusu majina yanayohamishwa na wenye viwanda. Nchini Tanzania kuna mfano ambapo wasemaji wenyewe wamefanya uhamishaji, tena kwa njia tofauti na ya kiwanda.

Land Rover ilianza kutumia jina Defender mwaka 1990 kwa magari yaliyokuwa yakiitwa Ninety na One Ten, ambayo nayo yalikuwa yameshika nafasi ya magari ya zamani kama lile la 109. Utengenezaji wake ulikoma Januari 2016. Septemba 2019 kampuni ilionyesha Defender mpya inayotengenezwa Slovakia, isiyo na chasisi ya ngazi iliyokuwa uti wa mgongo wa ile ya zamani. Wakati huohuo kampuni ya Ineos ilibuni gari linaloitwa Grenadier, lenye umbo linalokaribiana sana na Defender ya zamani. Mwaka 2020 mahakama ya Uingereza ilikataa rufaa ya Jaguar Land Rover iliyotaka umbo hilo lisajiliwe kuwa alama yake ya biashara. Matokeo yake, mmoja amerithi jina bila umbo, na mwingine umbo bila jina.

Wasemaji wa Kiswahili hawakusubiri hukumu. Kwao difenda ni gari la wazi nyuma la polisi wa doria, na neno hilo hutumika hata gari lenyewe likiwa Toyota Land Cruiser. Neno limetoholewa, limeingia katika ngeli ya 9/10 ("difenda ya polisi", "difenda mbili") na limeacha kuwa jina la pekee. Njia hiyohiyo ilifuatwa na bajaji, inayotaja pikipiki yoyote ya magurudumu matatu bila kujali mtengenezaji. Shangingi, kwa upande wake, ilitoka kwenye maana ya mwanamke mjuzi wa mambo ya mjini ikahamia kwenye gari kubwa la kifahari.

Tofauti kati ya kiwanda na wasemaji iko wazi. Kiwanda kimelifuata jina kwa sababu ni mali yake. Wasemaji wamelifuata kwa sababu ya kazi: chombo kinachofanya kazi ya difenda ni difenda. Kwa maana hiyo, mantiki ya msemaji wa kawaida iko karibu zaidi na kiti cha Matola kuliko ilivyo mantiki ya daftari la alama za biashara.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba lawama kuhusu majina yaliyofufuliwa si suala la mapenzi ya mambo ya kale tu. Ni madai kwamba jina lilikuwa na wajibu, na wajibu huo umeachwa. Aidha, mfano wa GTO umeonyesha kwamba kibandiko chaweza kugeuka kiti kwa matendo. Jina jema hung'aa gizani, lakini lazima kwanza litendewe wema.

Kwa watunga kamusi, matokeo yake ni kwamba difenda na bajaji yastahili kuingizwa kama nomino za kawaida, yakifafanuliwa kwa kazi, huku asili ya kila moja ikitajwa. Kwa watafiti wa historia, ni tahadhari: jina moja likionekana katika nyaraka za miaka tofauti, haitoshi kuuliza ni nani. Ni lazima kuuliza pia ni kiti gani.