Taa ya Motere Inawaka: Namna ya Kusoma Kode P0171 na P0172

Wengi kati yenu wametuuliza juu ya ile taa ya rangi ya machungwa inayowaka mbele ya shofere, yenye picha ya motere. Wengine wanasema gari yenye taa ile imekwisha kufa. Wengine wanabandika karatasi juu yake ili isiwasumbue. Wote wawili hawakusoma vizuri. Sisi wa mwaka wa mwisho tumeona ni vema tueleze jambo moja tu katika namba hii: kode za mchanganyiko wa esansi na hewa.

Tuanze na kemia, kwa maana kila kitu kinatoka pale. Ili kilo 1 ya esansi iungue yote bila kubakiza kitu, inahitaji karibu kilo 14,7 za hewa. Hewa ikizidi, mchanganyiko ni mwembamba. Esansi ikizidi, mchanganyiko ni mnono. Gari za zamani zenye karburateri hazikujua kujipima. Tundu la esansi lilikuwa na upana wake, basi. Ukirekebisha karburateri kule Kasenyi, pembeni ya Ziwa Albert, kwenye metre karibu 620, kisha ukipanda mpaka hapa Bunia, zaidi ya metre 1200, hewa ni nyepesi lakini esansi inakuja karibu vile vile. Moshi mweusi, bujii nyeusi, na shofere analaumu esansi.

Gari ya injeksio inajisahihisha yenyewe. Ndani ya tiyo ya eshapema kuna sonda ya lambda, inayonusa oksijeni iliyobaki nyuma ya moto. Bosch ilianza kuitia ndani ya gari za Volvo mwaka 1976. Mchanganyiko ukiwa mwembamba, sonda ya namna hii inatoa umeme mdogo, karibu volti 0,1; ukiwa mnono, karibu volti 0,9. Kalkilateri inasoma ile volti, na inaongeza au inapunguza muda ambao injekteri inabaki wazi. Lile ongezeko ndilo tunaita sahihisho, na linahesabiwa kwa mia. Alama ya +10 maana yake kalkilateri inaongeza esansi 10 kwa mia juu ya hesabu yake ya kwanza. Alama ya -10 maana yake inapunguza.

Yako masahihisho mawili. La upesi linacheza juu na chini kila wakati. La polepole ni kumbukumbu: kalkilateri ikiona kila siku inaongeza, inaandika ile desturi. Mwenye kupima sharti ajumlishe yote mawili. Jumla ikibaki kati ya -10 na +10, hakuna shida kubwa. Ikipita sana, gari nyingi karibu 20 au 25, kalkilateri inashindwa, inaandika kode na kuwasha taa. P0171 ni mwembamba upande wa kwanza, P0174 ni mwembamba upande wa pili. P0172 na P0175 ni mnono, kwa mpango ule ule. Motere ya silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja kwa kawaida ina upande mmoja tu, kwa hiyo msitafute wa pili.

Kode hizi zinasomwa na skaneri, hata ile ndogo inayozungumza na simu. Marekani ililazimisha mpango huo kwa gari mpya zote tangu mwaka 1996, na Ulaya kwa gari mpya za esansi tangu 2001. Gari zilizotengenezwa kwa Japani yenyewe, zile za usukani wa kuume zinazotufikia kupitia Uganda, hazikuwa chini ya sheria hiyo. Nyingine za zamani hazijibu skaneri hata kidogo.

Sasa jambo lenye uzito. Kode haisemi kipande gani kimeharibika. Baba wa mwenzetu mmoja anaendesha taksi. Taa iliwaka, kode P0171, na garaji moja ya mji ikamwambia anunue sonda mpya. Akanunua. Juma halijaisha, taa ikarudi. Wakamwuzia sonda ya pili, na pesa ile ilikuwa minerval ya watoto wawili. Kumbe sonda ya kwanza ilisema kweli tupu! Ilisema: “Hapa kuna oksijeni nyingi.” Mjumbe akapigwa, mwenye kosa akaachwa.

Fundi mwingine alitazama hesabu mbele ya kugusa kitu. Motere ikiwa ralanti, jumla ilikuwa +23. Kwenye mizunguko 2500 kwa dakika, ilishuka mpaka +5. Je, hii inaonyesha nini? Fanyeni hesabu. Tuseme debimetri imepima hewa gramu 3 kwa sekunde wakati wa ralanti, na tundu moja nyuma yake linaingiza gramu 0,6 zisizopimwa. Hiyo ni 20 kwa mia. Ukikanyaga, motere inavuta gramu 12. Zile 0,6 ni 5 kwa mia tu. Basi hewa ya wizi inaonekana sana ralanti na inapotea ukikanyaga. Ilikuwa tiyo ya mpira inayokwenda kwenye breki, imepasuka chini pahali pasipoonekana. Na tiyo ya breki si mchezo, sababu ikikatika kabisa, kanyagio linakuwa gumu kama jiwe.

Kuitafuta, sikilizeni mlio kama wa nyoka, au nyunyizeni maji kidogo juu ya tiyo, mbali na nyaya za bujii. Motere ikibadilisha sauti, mmefika. Wako mafundi wanaonyunyiza esansi juu ya motere ya moto. Mtu asifanye hivyo hata kidogo! Gari imeungua kwa sababu ya tiyo.

Kinyume chake: ralanti hesabu ni nzuri, lakini gari ikibeba mzigo jumla inapanda. Hapo esansi haifiki ya kutosha: filtre imeziba, ao pompi imechoka. Kwetu tunaonunua esansi ya chupa kando ya barabara, ni lazima kuwaza hilo mapema. Tena debimetri yenye vumbi inapima hewa pungufu kuliko inayoingia. Vumbi letu la kiangazi linapita kwenye filtre iliyotoboka na kushika waya ule mwembamba. Unasafishwa kwa dawa yake, si kwa kitambaa wala kwa kidole. Na eshapema ikitoboka mbele ya sonda, hewa ya nje inaingia na sonda inadanganyika.

Juu ya mnono hatutasema mengi: injekteri inayovuja, presha ya esansi iliyozidi, au kipimo cha joto kinachodai motere ni baridi wakati inachemka.

Msifute kode mbele ya kuandika. Pamoja na kode, kalkilateri inahifadhi hali ya saa ile: mwendo, joto, mzigo. Ukifuta, inapotea. Kutoa waya wa batri mara nyingi kunafanya vile vile, na wako wauzaji wanaofanya hivyo asubuhi ya siku ya kuuza gari.

Zoezi. Gari inatoka Kasenyi na abiria sita. Pembeni ya ziwa, ralanti: upesi +1, polepole +3. Kwenye mlima wa kupanda Bogoro: upesi +11, polepole +14, na sonda haipiti volti 0,2. Utapima nini kwanza, na kwa sababu gani hutanunua sonda? Majibu yaletwe kwa kapita wa darasa mbele ya siku ya posho.