SOMO: NI LINI CHAMA HUWASILISHA RITANI YA KODI YA MAPATO?



Katika ukaguzi wa vyama vya msingi hapa Songea, swali moja hurudiwa kila mwaka: "Chama chetu hakidaiwi kodi, ritani ya nini?" Hapana budi swali hili lijibiwe sawasawa, kwa maana kosa lake hulipwa kwa ushuru uliokatwa katika ufuta, soya na mbaazi za mkulima.

Ritani ni taarifa ambayo mlipakodi mwenyewe hueleza mapato yake, matumizi yake na kodi aliyoikokotoa. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mlipakodi hujikadiria kwanza, na Mamlaka ya Mapato (TRA) huhakiki baadaye. Kwa hiyo kungojea barua ya madai si kinga.

1. Msamaha wa kodi si msamaha wa ritani

Mwaka 2020 kiwango cha msamaha kwa vyama vya msingi kilipandishwa, kutoka mapato ghafi ya shilingi milioni 50 hadi milioni 100 kwa mwaka. Msamaha huo ni wa kodi tu. Walioondolewa wajibu wa ritani ni baadhi ya watu binafsi, kama vile mkazi asiyedaiwa kodi yoyote kwa mwaka unaohusika. Chama hakimo katika kundi hilo. Kiwe kimepata ziada, hasara au msamaha, ritani yake inatakiwa.

2. Tarehe za kukumbuka

Mwaka wa mapato ni Januari hadi Desemba, ila Kamishna akikubali maombi ya chama kutumia mwaka mwingine.

(a) Makadirio ya kodi huwasilishwa kabla ya kumalizika miezi 3 ya kwanza ya mwaka wa hesabu. Kodi iliyokadiriwa hulipwa kwa awamu 4.

(b) Ritani ya mwisho huwasilishwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kufungwa.

Chama kinachofunga hesabu 31 Desemba hupeleka makadirio kabla ya Machi kwisha, na ritani kabla ya Juni kwisha. Kilichoruhusiwa kufunga 31 Machi hupeleka makadirio kabla ya Juni kwisha, na ritani kabla ya Septemba kwisha.

3. Maandalizi

Fedha za mkulima zipitazo chamani ziandikwe mbali na ushuru wa chama. Zikichanganywa, chama kidogo huonekana kikubwa, na msamaha wake hutiliwa shaka. Wakaguzi wa COASCO waitwe mapema, maana ukaguzi uliochelewa huichelewesha ritani.

4. Adhabu

Adhabu ya kuchelewa huhesabiwa kwa kila mwezi, na sehemu ya mwezi huhesabiwa kuwa mwezi mzima. Chama kisichodaiwa hata senti moja ya kodi chaweza kujikuta kinadaiwa adhabu.

Mwanachama naye akumbuke kwamba ritani ya chama haimhusu duka lake wala mashine yake ya kusaga. Hayo ni mapato yake binafsi, naye atayajibia mwenyewe.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Mwaka wa hesabu wa chama chetu hufungwa tarehe gani?
2. Ritani ya mwisho iliwasilishwa lini, na stakabadhi yake iko wapi?
3. Nani katika Bodi amekabidhiwa kufuatilia tarehe hizi?