FUNDISHO LA AFYA: Ekografi imeonyesha kisti. Tufanye nini?

Wafanyakazi na mama wa nyumbani,

Tuseme bibi wa mchimbaji mmoja wa hapa Alunguli anaumwa chini ya tumbo. Mwuguzi wa dispanseri anamtuma kupigwa ekografi. Jioni bwana anatoka kazini, anamkuta amekaa kimya kando ya jiko, karatasi mkononi.

— Mama, walisema nini?

— Baba, waliona kisti kwenye ovari. Sijui kama nitapona.

Kabla ya usiku kuingia, jirani mmoja amekwisha kusema ni kansa. Mwingine anasema kuna mtu amemfunga kizazi. Shangazi anataka waende kwa mfumu, na mshahara wa mwezi utaishia huko.

Fundisho la leo ni kwa ajili ya nyumba hiyo. Neno «kisti» ni jina la kitu kilichoonekana. Si hukumu ya kifo, wala si uchawi. Ziko kisti za kungojea, ziko za kutibu, na iko hatari ya kukimbilia hospitali. Tujue kuzitenganisha.

1. MASHINE ILIYOTOKA KIWANDANI

Katika mwaka wa 1955, Ian Donald, mganga wa akina mama wa Glasgow, huko Scotland, alikwenda Renfrew kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox kilichotengeneza matanki makubwa ya mvuke. Mafundi wa pale walikuwa na mashine ya kutuma sauti ndani ya chuma. Sauti ikikuta ufa uliofichika, inarudi kama mwangwi, na fundi anajua mahali palipoharibika.

Donald alikuwa amebeba ndani ya gari vivimbe vilivyotolewa kwa wanawake waliopasuliwa. Mashine ilipowekwa juu ya kisti, sauti ilipita katika maji na kurudi kutoka ukuta wa upande wa pili. Juu ya kivimbe kigumu, sauti ilirudi kidogo kidogo kutoka ndani yake. Mashine ya chuma ilijua kutenganisha maji na nyama!

Katika mwaka wa 1958, Donald pamoja na mganga John MacVicar na fundi Tom Brown walitangaza kazi yao. Kati ya wagonjwa wao alikuwamo mama aliyekwisha kuambiwa ana kansa ya tumbo isiyoweza kupasuliwa. Mashine ilionyesha kisti kubwa ya ovari. Walimpasua, wakaitoa, akapona.

Basi ekografi ni sauti tu, sauti ambayo sikio halisikii. Haina mionzi kama radiografi, na hata mwenye mimba anapigwa bila hofu. Lakini inaonyesha umbo peke yake. Mganga lazima aulize, apapase tumbo, na pengine apime damu.

2. KAZI YA OVARI KILA MWEZI

Mwanamke ana ovari mbili, moja kila upande wa kizazi. Kila mwezi ovari inatayarisha yai ndani ya kifuko kidogo cha maji. Kifuko kinakua mpaka sentimita 2 hivi, halafu kinapasuka na yai linatoka.

Mara nyingine kifuko hakipasuki, au kinajifunga tena na kujaa maji au damu. Hiyo ndiyo kisti ya kazi ya mwezi. Si ugonjwa. Nyingi zinaondoka zenyewe katika miezi 2 au 3.

Kwa hiyo mganga akisema, «Mama, nenda nyumbani, urudi baada ya wiki 6 au 12,» hajakufukuza. Anangoja kuona kama kisti itaondoka. Usikose kurudi siku hiyo.

3. KISTI ZISIZOONDOKA

Kisti ya maji matupu, isiyopita sentimita 5 (kama yai la kuku), kwa mwanamke anayeona mwezi, mara nyingi haina hatari. Ikipita sentimita 7, mganga anaweza kutaka vipimo zaidi au kuitoa.

Kisti nyingine ina mafuta na nywele ndani, hata meno. Hapo ndipo watu wanapolia uchawi. Sikieni maana yake: ovari inatunza mbegu za mayai, na katika mbegu ya namna hiyo mwili wote wa mtoto unatoka, ngozi, nywele na meno. Mara nyingine mbegu moja inaanza kazi hiyo peke yake, bila utaratibu. Hata msichana asiyejua mwanaume anaweza kuwa nayo. Hakuna mtu aliyeiweka. Mganga wa kupasua anaitoa, na mara nyingi ovari inabaki.

Kuna kisti yenye damu ya zamani, nzito na nyeusi. Mama huyo anaumwa sana siku zake, na pengine anachelewa kupata mimba. Anahitaji matibabu, si masengenyo.

Na kansa? Ipo, lakini kwa wanawake vijana ni chache. Mganga anakuwa na shaka akiona sehemu ngumu ndani ya kisti, kuta nene, au maji yaliyojaa tumboni. Mama aliyekwisha kukoma kuona mwezi, akionekana na kisti, achunguzwe vizuri.

4. MANENO JUU YA KIZAZI

Fibromu: ni kinyama kinachoota katika ukuta wa kizazi. Karibu kila mara si kansa. Uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake weusi 80 katika 100 wanakuwa nayo wakifika miaka 50, na wengi hawajui. Isiyosumbua inaachwa. Inayotoa damu nyingi kila mwezi inatibiwa, kwa sababu inamaliza damu mwilini: mama anachoka, moyo unapiga mbio, macho yanakuwa meupe.

Kizazi kilichoinama nyuma: karibu mwanamke mmoja katika watano yuko hivyo. Ni umbo lake tu. Kwa kawaida hakizuii mimba.

Kizazi chenye ukuta katikati au chenye pembe mbili: mama amezaliwa nacho. Wengine wanazaa bila taabu. Wengine mimba zinatoka. Ukuta wa katikati mara nyingine unaondolewa kwa kupasua.

Baba, sikia vizuri: karatasi hii si sababu ya kumrudisha bibi kwa wazazi wake. Na kama mtoto amekawia, nawe pia upimwe. Mara nyingi shida iko kwa mwanaume.

5. HAPA USINGOJE

Kimbilia hospitali, mchana au usiku, ukiona:

— maumivu makali ya ghafla upande mmoja, pamoja na kutapika: pengine kisti imeisokota ovari kama kamba, na damu haipiti. Ikicheleweshwa, ovari inakufa;

— mwezi umekosa, tumbo linauma, kizunguzungu au kuzimia: pengine mimba iko nje ya kizazi, na damu inamwagika ndani;

— damu inayolowesha kitambaa kimoja kila saa;

— maumivu ya tumbo pamoja na homa kali.

Mama aliyekoma mwezi akiona damu tena, hata tone, aende kwa mganga wiki hiyohiyo.

Sisi wa Alunguli tuko ng'ambo. Lualaba inatutenga na Kasuku na Mikelenge. Jueni tangu leo: hospitali gani inapasua usiku? Nani ana mtumbwi wenye mota? Nani ana pikipiki? Wekeni akiba ya franga kwa kazi hiyo. Na wewe kapita, mfanyakazi akiomba ruhusa kwa jambo hili, mwachie upesi. Jiwe likianza kupasuka juu ya kichwa, halingoji mwisho wa zamu.

6. MAMBO YA KUSHIKA

Msikande tumbo kwa nguvu. Msiweke majani wala dawa ndani ya uke. Kisti haiondoki kwa hiyo, bali vidonda na usaha vinakuja.

Siku ya ekografi ya juu ya tumbo, kunywa maji mengi saa moja kabla, usikojoe. Beba karatasi za zamani na tarehe ya mwezi wa mwisho. Uliza maneno matatu: Ina ukubwa gani? Ni maji au ni ngumu? Nirudi lini?

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mganga anaweza kusema tungoje?
2. Nywele ndani ya kisti zinatoka wapi?
3. Ni dalili zipi nne za kukimbilia hospitali?
4. Usiku wa leo, nyumba yako itavuka mto kwa njia gani?

Baba na mama wajibu pamoja. Na yule bibi aliyekaa kando ya jiko, bwana wake amsomee fundisho hili kabla ya jirani kufika.