Moshi Uonekanao na Usioonekana

Mwezi wa Desemba 1952 mji wa London ulifunikwa na ukungu siku 5. Hewa ya baridi ilikaa chini, na ya joto juu yake kama kifuniko cha chungu. Moshi wa makaa ya mawe ukakosa njia ya kupanda. Walikufa watu wasiopungua 4,000. Basi mwaka 1956 Bunge likatunga sheria ya hewa safi.

Lakini makaa hutoa pia hewa ya ukaa isiyoonekana. Hiyo huzuia joto la nchi lisitoke, na sehemu yake hukaa angani karne nyingi. Wachomao ni wengine, na wapatwao na ukame mara nyingi ni wengine. Basi walimu, tufundishe hivi: jirani yetu ni pamoja na yule ambaye hajazaliwa bado.